Ukirudi nyumbani na kifaa kwenye moyo: maambukizi, dawa na gharama

Upasuaji wa moyo ukiisha salama, ndugu hushukuru Mungu na kudhani safari imefika mwisho. Kwa mgonjwa aliyewekewa kifaa ndani ya moyo, siku ya kuruhusiwa ndiyo siku ambayo kazi inahamia nyumbani. Kuanzia hapo, wewe na familia yako ndio mnaolinda kile madaktari walichoweka. Mambo mawili huwarudisha wengi hospitali wakiwa na hali mbaya, nayo ni maambukizi na kukosa fedha za ufuatiliaji. Mara nyingi mambo haya huenda pamoja: aliyekosa nauli ya kliniki ndiye anayegundulika amechelewa.

Ukurasa huu ni kwa ajili ya mgonjwa na mtu anayemuuguza, hasa tunaoishi mbali na hospitali kubwa, kama sisi wa Kurui na kata nyingine za Kisarawe.

## Kwa ufupi

- Homa kwa mtu mwenye kifaa kwenye moyo si homa ya kawaida. Pima malaria, lakini usiishie hapo.
- Usimeze wala kuchomwa antibayotiki kwa kubahatisha kabla damu haijachukuliwa kwa uchunguzi.
- Mwenye valvu ya chuma hunywa warfarini maisha yake yote. Usiiache bila daktari kukuambia.
- Kidonda cha upasuaji kikitoa usaha, au sehemu ya betri ikivimba, nenda hospitali siku hiyohiyo.
- Panga fedha za nauli na vipimo vya mwaka mzima kabla hujatoka wodini.

## Vifaa vyenyewe ni vipi?

Valvu bandia. Moyo una milango minne inayoruhusu damu kwenda mbele na kuizuia kurudi nyuma. Kwa vijana wengi wa kwetu, milango hiyo huharibiwa na homa ya baridi yabisi inayotokana na maambukizi ya koo utotoni ambayo hayakutibiwa vizuri. Mlango ukiharibika sana, daktari huutoa na kuweka valvu bandia. Valvu ya kwanza ya aina hii iliyomfaa mgonjwa kwa muda mrefu kwenye mlango uliopo kati ya vyumba vya kushoto iliwekwa Marekani mwaka 1960 na daktari Albert Starr, akishirikiana na mhandisi Lowell Edwards.

Zipo za aina mbili. Ya kwanza watu huiita valvu ya chuma, ingawa za siku hizi nyingi zimetengenezwa kwa kaboni ngumu. Hudumu miaka mingi sana, ila damu hupenda kuganda juu yake, ndiyo maana dawa ya warfarini ni ya maisha. Ya pili hutengenezwa kwa tishu ya ng'ombe au ya nguruwe iliyosafishwa na kuhifadhiwa kwa dawa. Hii kwa kawaida haihitaji warfarini ya maisha, lakini huchakaa, mara nyingi baada ya miaka 10 hadi 15, na kwa kijana huchakaa mapema zaidi. Kama dini yako inakufanya uwe na swali kuhusu nguruwe, uliza kabla ya upasuaji. Ni swali la haki, na madaktari wamelizoea.

Betri ya moyo, au pesimeka. Ni kifaa kidogo kinachowekwa chini ya ngozi, mara nyingi kifuani chini ya mtulinga, na waya zake hufika ndani ya moyo. Kazi yake ni kuusukuma moyo unaopiga polepole mno. Betri hudumu kwa miaka kadhaa, nyingi kati ya 8 na 12, kisha hubadilishwa. Mtu wa kwanza duniani kuwekewa kifaa hiki ndani ya mwili alikuwa Arne Larsson wa Sweden, mwaka 1958. Cha kwanza kilikufa baada ya saa chache, akawekewa kingine, na katika maisha yake alibadilishiwa zaidi ya mara 20. Alifariki mwaka 2001 akiwa na miaka 86.

Pampu ya moyo. Hii huwekwa kwa mtu ambaye moyo wake umechoka kabisa. Pampu hufungwa kwenye moyo na kusukuma damu badala ya chumba cha kushoto. Waya wake hutoboa ngozi ya tumbo na kutoka nje, ukaunganishwa na kidhibiti na betri ambazo mgonjwa hutembea nazo. Utafiti mkubwa uliotangazwa Marekani mwaka 2001 ulifuata wagonjwa 129 ambao hawakuweza kupandikizwa moyo. Baada ya mwaka mmoja, waliokuwa hai upande wa pampu walikuwa 52 kati ya kila 100, na upande wa dawa peke yake walikuwa 25 kati ya kila 100. Lakini wengi wa wenye pampu walipata maambukizi na kuvuja damu. Pampu za sasa ni bora zaidi, ila hata leo takribani mgonjwa mmoja kati ya watano hupata maambukizi pale waya unapotokea tumboni.

Kwa nini pampu hii si huduma ya kawaida hapa kwetu? Kifaa peke yake huuzwa kwa makumi ya maelfu ya dola. Kinahitaji umeme usiku na mchana, tundu la waya linahitaji kusafishwa kwa vifaa visivyo na vijidudu, na lazima timu ya wataalamu iwe karibu wakati wote. Nyumba ambayo umeme hukatika, au haujafika, haiwezi kubeba mzigo huo. Kwa hiyo katika ukurasa huu nitazungumza zaidi kuhusu valvu na betri, kwa sababu ndivyo vifaa ambavyo majirani zetu wanarudi navyo. Somo ni lilelile: kila kitu kigeni ndani ya moyo kinaweza kuwa maficho ya vijidudu, na kila kifaa kina gharama inayoendelea baada ya upasuaji.

## Upasuaji hufanyika wapi?

Tanzania ilianza upasuaji wa moyo wa kufungua kifua katika Hospitali ya Taifa Muhimbili mwaka 2008. Mwaka 2015 huduma za moyo zilipewa taasisi yake, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, ambayo wengi tunaiita JKCI, iliyopo eneo hilohilo la Upanga, Dar es Salaam. Kabla ya hapo, wagonjwa wengi walipelekwa India kwa gharama ya serikali au kwa michango ya familia, na wengi zaidi walibaki kusubiri.

Njia ya rufaa kutoka kwetu huanzia zahanati, kisha kituo cha afya au Hospitali ya Wilaya ya Kisarawe, kisha hospitali ya rufaa ya mkoa, Tumbi iliyopo Kibaha, na mwisho taasisi ya moyo. Fuata njia hiyo na tunza kila karatasi. Karatasi ya rufaa ikipotea, bima inaweza kukataa kulipa.

## Maambukizi: yanaingiaje?

Wiki za mwanzo. Vijidudu vingi vya kipindi hiki vinatoka kwenye ngozi na huingia kupitia kidonda. Mfupa wa kifua uliokatwa na kufungwa kwa waya huchukua wiki 6 hadi 12 kuunga vizuri. Katika muda huo usibebe ndoo, usilime, usitwange na usijivute kwa mikono unapoinuka kitandani. Ndoo ya lita 20 ina uzito wa kilo 20. Wewe usizidishe kilo 5. Ukisikia mfupa wa kifua unagonga au kucheza unapokohoa, rudi hospitali.

Kidonda kiwe kikavu na safi. Anayekihudumia anawe mikono kwa sabuni kwanza. Usipake majivu, dawa ya meno, mafuta ya nazi, asali wala majani ya aina yoyote. Najua wanaotupa ushauri huo wanatupenda, lakini kidonda hiki kiko umbali mdogo sana na moyo.

Kwa mwenye betri, mkono wa upande ule usiinuliwe juu ya bega kwa wiki 4 hadi 6, ili waya zisichomoke. Lakini usiufunge kabisa, maana bega litakakamaa. Kamwe mtu asichome sindano wala kutumbua uvimbe uliopo juu ya betri, hata kama unaonekana kama jipu.

Miezi na miaka ya baadaye. Hapa vijidudu huingia kwenye damu kutoka mahali pengine: meno yaliyooza, fizi, majipu, vidonda vya miguu, sindano chafu au chale. Vikifika kwenye damu, hutafuta pa kujishika. Moyo wenye valvu bandia una mahali hapo. Ugonjwa huu wa utando wa ndani wa moyo huitwa endokaditisi.

Kwa hiyo:

- Piga mswaki asubuhi na usiku, na nenda kwa daktari wa meno kila mwaka hata kama jino haliumi.
- Kabla ya kung'oa jino, mwambie daktari kwamba una valvu bandia. Mtu mzima asiye na mzio wa penisilini kwa kawaida hupewa amoksilini gramu 2 kwa mkupuo mmoja, dakika 30 hadi 60 kabla ya kung'oa. Mwenye betri peke yake kwa kawaida hahitaji dawa hii.
- Usichanjwe chale, usiumikwe na usitogwe. Kijana mwenye valvu akifika umri wa jando, atahiriwe hospitali kwa mpango wa daktari wake wa moyo. Mzee wa familia aelezwe mapema ili isije kuwa mzozo siku ya shughuli.
- Tibu jipu na kidonda mapema.

## Homa: usiishie kwenye malaria

Hapa ndipo tunapopoteza watu. Mgonjwa anapata homa, anapimwa malaria, kipimo kinaonyesha hana, lakini anapewa dawa mseto hata hivyo. Homa inatulia siku mbili, inarudi. Ananunua amoksilini dukani, inatulia wiki, inarudi tena. Mwezi unapita, amepungua uzito, anatoka jasho usiku, anachoka. Akifika hospitali kubwa, damu yake ikioteshwa haionyeshi kijidudu chochote, kwa sababu antibayotiki za dukani zimevificha bila kuviua. Daktari sasa anatibu bila kujua adui ni nani.

Ukipata homa ya nyuzi 38 au zaidi, au homa ndogo isiyoisha, au kutetemeka kwa baridi, fanya hivi:

1. Nenda zahanati siku hiyo. Beba kadi yako ya kliniki.
2. Sema wazi: "Nesi, nina valvu ya chuma kwenye moyo na ninakunywa warfarini. Nimeambiwa nikipata homa damu yangu ioteshwe kabla ya kuanza antibayotiki."
3. Pima malaria. Ukikutwa nayo, itibiwe. Homa ikiendelea baada ya kumaliza dawa, usirudie dozi. Omba rufaa.
4. Kipimo kikionyesha huna malaria na hakuna sababu nyingine iliyo wazi, omba rufaa siku hiyohiyo kwenda mahali panapoweza kuotesha damu na kupima moyo kwa eko.

Kama hali ni mbaya sana, yaani umechanganyikiwa, unapumua kwa shida au shinikizo limeshuka, tiba ya dharura haisubiri kuotesha damu. Hapo mhudumu ataamua.

Wenzangu wa zahanati, na hili ni lenu pia: mgonjwa akiwasomea maneno hayo, asionekane mjuaji. Amefundishwa kuokoa maisha yake.

## Maambukizi yakitokea, matibabu ni yapi?

Endokaditisi kwenye valvu bandia hutibiwa kwa antibayotiki za mshipa, kwa kawaida si chini ya wiki 6. Hizo ni siku 42 wodini. Wengine huhitaji kufunguliwa tena ili valvu ibadilishwe. Hata katika hospitali nzuri za nchi tajiri, angalau mgonjwa mmoja kati ya watano wa ugonjwa huu hufariki akiwa bado wodini.

Betri ikipata maambukizi, vidonge peke yake haviponyi. Vijidudu hujijengea utando juu ya chuma na waya, na dawa haipenyi vizuri. Mara nyingi kifaa chote pamoja na waya zake hutolewa, mgonjwa anatibiwa, kisha anawekewa kipya upande wa pili. Maana yake ni upasuaji mara mbili na kifaa cha pili. Uvimbe mdogo uliopuuzwa ndio huo uliogeuka kuwa mzigo wa ukoo mzima.

## Warfarini: rafiki anayetaka heshima

Warfarini hupunguza kuganda kwa damu. Ikizidi, unavuja damu. Ikipungua, damu inaganda kwenye valvu na bonge likienda kwenye ubongo unapata kiharusi. Katikati hapo pana njia nyembamba, na kipimo cha damu kiitwacho INR ndicho kinachokuonyesha kama uko ndani yake. Kwa valvu za chuma nyingi, daktari hutaka namba iwe kati ya 2 na 3, au kati ya 2.5 na 3.5, kutegemea ni mlango upi. Muulize namba yako, iandike kwenye jalada la kadi, na mtu mmoja nyumbani aikariri.

Mambo ya kuzingatia:

- Kunywa saa ileile kila siku. Ukisahau na ukakumbuka siku hiyohiyo, kunywa. Ukikumbuka kesho yake, iache iliyopita. Usinywe mbili kwa pamoja.
- Soma miligramu kwenye kidonge, usitegemee rangi. Viwanda tofauti huweka rangi tofauti.
- Maduka mengi ya dawa ya vijijini hayana warfarini. Nunua famasi ya mjini au hospitali, na uwe na akiba ya wiki mbili. Usingoje kubaki na kidonge kimoja.
- Usiache mboga. Kisamvu, matembele na mchicha vina vitamini K inayopunguza nguvu ya warfarini, lakini tatizo ni kubadilika ghafla: wiki nzima hukula, wiki nyingine unakula kila mlo. Kula kiasi kilekile siku zote, dozi itapangwa kulingana na chakula chako.
- Aspirini, diklofenaki na ibuprofeni huongeza hatari ya kuvuja damu. Kwa maumivu, parasetamoli ndiyo salama zaidi, kwa kiasi ulichoelekezwa.
- Metronidazo, ambayo wengi tunaijua kwa jina la Flagyl na kuinunua tumbo likisokota, huongeza sana nguvu ya warfarini. Septrini pia. Dawa ya kifua kikuu aina ya rifampisini huipunguza nguvu. Ukipewa mojawapo, INR ipimwe ndani ya siku chache.
- Pombe na dawa za majani zisizojulikana huvuruga dozi. Kama tayari umekunywa, sema ukweli kliniki. Hatutakugombeza.

Sindano za msuli. Mwenye kunywa warfarini akichomwa sindano ya takoni anaweza kuvujia damu ndani ya msuli. Uliza kama dawa ipo ya vidonge au ya mshipa. Sindano ya malaria kali ya atesuneti, kwa mfano, inaweza kupitishwa kwenye mshipa.

Swali linalokuja mara nyingi ni hili: vipi sindano ya penisilini ya kila wiki 3 au 4 ya kuzuia homa ya baridi yabisi isirudi? Kupata valvu mpya hakuondoi haja ya kinga hiyo, kwa sababu milango mingine bado ipo. Wengine huendelea na sindano INR ikiwa kwenye kiwango na sehemu iliyochomwa ikikandamizwa kwa dakika kadhaa. Wengine hupewa penisilini ya vidonge kila siku. Daktari wako wa moyo aamue na aandike kwenye kadi, ili zahanati isibahatishe.

Kwa akina mama na mabinti. Warfarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa kati ya wiki ya 6 na ya 12 ya ujauzito. Lakini kuiacha ghafla kunaweza kuua mama. Kwa hiyo zungumza na daktari kabla ya kubeba mimba, na siku zako zikichelewa, nenda upime mara moja. Kwa uzazi wa mpango, vidonge vyenye homoni mbili havifai kwa sababu huongeza kuganda kwa damu. Kijiti ni miongoni mwa njia zinazofaa. Mama mkwe na mume wahusishwe katika mazungumzo haya, maana swali la "mtapata lini mtoto" huanzia nyumbani.

## Gharama: piga hesabu kabla

Bei za upasuaji, vifaa na vipimo hubadilika, na anayelipa hutofautiana. Kabla ya upasuaji, omba ofisi ya ustawi wa jamii au ya bima hospitalini ikuandikie makadirio. Lakini gharama inayowashinda wengi ni ile ndogo inayorudi kila mwezi.

Chukua nauli. INR hupimwa mara nyingi wiki za mwanzo, kisha takribani kila wiki 4 ikitulia. Tuseme ni safari 14 kwa mwaka wa kwanza. Mgonjwa anasindikizwa na mtu mmoja, kwenda na kurudi. Hizo ni nauli 56. Kama kutoka kijijini hadi Upanga mnapanda magari matatu, zinakuwa nauli 168. Weka bei za kituo chenu, ongeza chakula cha njiani, ongeza siku 14 ambazo watu wawili hawakwenda shamba. Sasa umeiona gharama halisi.

Orodha ya mwaka iwe na haya:

- Nauli na chakula cha njiani
- Kipimo cha INR kila safari
- Warfarini na dawa nyingine za kila siku
- Kipimo cha eko, au kukaguliwa kwa betri
- Daktari wa meno
- Akiba ya dharura ya safari moja ya ghafla usiku

Ili kupunguza:

Uliza kipimo cha karibu. Kila ukienda kliniki, uliza kama INR inaweza kupimwa hospitali ya wilaya au Tumbi na majibu yakapelekwa kwa daktari wako kwa simu. Ikiwezekana hata nusu ya safari, familia inapumua.

Ijue bima yako. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulianza kazi mwaka 2001, na kifurushi ulichonacho ndicho kinachoamua kinacholipwa. Uliza mambo matatu: je, kifaa kinalipiwa, je, dawa za kila mwezi zinalipiwa, na kuna muda wa kusubiri? CHF iliyoboreshwa, ambayo kaya ya watu hadi sita ilichangia shilingi 30,000 kwa mwaka, ilisaidia sana huduma za ngazi ya chini, lakini mwisho wake ulikuwa hospitali ya rufaa ya mkoa. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, kwa hiyo ulizia utaratibu unaotumika sasa katika ofisi ya kata au kituo cha afya. Jiunge ukiwa mzima. Anayetafuta bima akiwa wodini amechelewa.

Msamaha upo. Sera ya afya inawatambua watoto wa chini ya miaka mitano, wajawazito, na wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo. Familia maskini nyingine huchunguzwa na afisa ustawi wa jamii. Anzia kwa mtendaji wa kijiji upate barua kabla ya safari, si baada ya kupewa bili.

Tenga fedha za msimu. Kwetu pesa huonekana wakati wa korosho, kuanzia mwezi wa kumi. Siku ya malipo, toa kwanza nauli za miezi sita, zikae kwenye kikundi cha kuweka na kukopa au kwenye simu ya mtu mwaminifu. Fedha ya moyo isichanganywe na ya harusi.

Jambo moja la mwisho kuhusu fedha. Zikipungua, usichague kimyakimya kuacha dawa au kuigawa nusu. Tupigie simu, au njoo zahanati tuongee. Kuna mengi yanayowezekana kabla hujafika kwenye kuacha.

## Nenda hospitali mara moja ukiona

- Homa, kutetemeka kwa baridi au jasho la usiku
- Usaha, wekundu, joto au harufu kwenye kidonda
- Betri inavimba, ngozi juu yake inakuwa nyembamba, au waya unaonekana
- Mdomo kwenda upande, mkono au mguu kukosa nguvu, kushindwa kuongea
- Choo cheusi kama lami, mkojo wenye damu, damu ya pua isiyokoma, hedhi nzito kuliko kawaida
- Umeanguka au kugonga kichwa, hata kama hakuna jeraha
- Kuzimia, au mapigo kwenda polepole sana kwa mwenye betri
- Kukosa pumzi unapolala chali, au miguu kuvimba
- Ule mlio wa "tik tik" wa valvu uliouzoea usiku umefifia au umepotea

## Kadi ya mfukoni

Chukua kipande cha karatasi ngumu leo, kiandike, kifunge kwenye nailoni na kikae pamoja na kitambulisho chako: jina lako, aina ya kifaa na mwezi na mwaka kilipowekwa, hospitali iliyokiweka, dawa na miligramu zake, namba ya INR unayotakiwa kuwa nayo, mzio wowote, simu ya ndugu wawili. Chini kabisa andika kwa herufi kubwa: NIKIPATA HOMA, OTESHENI DAMU KWANZA. SINDANO YA MSULI, ULIZENI KWANZA.

Kisha mwonyeshe mtu wa nyumbani kilipo. Siku utakayokuwa huwezi kuongea, karatasi hiyo itaongea kwa niaba yako.